Telefone Juu ya Pikipiki: Chagua Vizuri Mahali pa Kuiweka



Mwezi huu tunasema juu ya kitu kidogo kinachouzwa sokoni: kishikio cha telefone. Ni kile chombo kinachofungwa juu ya usukani wa pikipiki ili telefone ikae mbele ya dereva. Wengi wanatuuliza kipi ni kizuri. Ni swali la maana, kwa sababu chombo hiki kinaweza kukusaidia na kinaweza pia kukuletea hasara kubwa.

Katika mgodi hatuchagui chombo kwa uzuri wa rangi. Tunauliza kwanza: kazi yake ni nini? Kisha tunauliza: kikivunjika, nani ataumia? Tufanye vilevile kwa kishikio cha telefone.

JE, UNAKIHITAJI KWELI?

Kishikio kina kazi moja ya haki: kumsaidia dereva asiyejua njia. Katika miji mikubwa madereva wengine wanakihitaji. Kwa mfano huko Kampala, Uganda, kampani SafeBoda ilianza kazi katika mwaka wa 2014, na dereva wake alipata wito wa mteja kwa njia ya telefone. Mtu wa kazi kama hiyo hawezi kuificha telefone ndani ya mzigo. Vilevile mtumishi aliyetumwa Bukavu ao Goma, akiwa mgeni wa barabara zile, anaweza kusaidiwa na ramani ya telefone.

Lakini wewe unayetoka Salamabila kwenda Kasongo ao Kabambare, ramani ni ya nini? Njia unaijua. Na usipoijua, katika kila kijiji yuko mtu wa kuuliza, naye atakuambia pia wapi kuna matope, jambo ambalo ramani ya telefone haliambii mtu.

Basi ujiulize bila kujidanganya. Kama unataka kishikio ili uone nani anakupigia, usome habari zilizoingia, ao utazame picha wakati wa kuendesha, jibu letu ni fupi: usikinunue. Peleka franga zako kwenye kofia ya kinga, kwenye tairi ao kwenye breki.

SEKUNDE MOJA NI NDEFU NAMNA GANI?

Ninyi wapenda mpira mnajua alama ya penalti: iko meta 11 kutoka goli. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita meta 11 kwa sekunde moja tu. Ukitazama telefone sekunde 2, umekwenda meta 22 bila kuona njia. Ukitazama sekunde 3, ni meta 33. Na ukiwa katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kila sekunde inakula karibu meta 17. Katika nafasi hiyo mbuzi anaweza kukatiza, mtoto anaweza kukimbilia mpira wake, na shimo ulilopaswa kulikwepa linakuwa tayari chini ya tairi.

Tena hatari haiishi macho yanaporudi njiani. Akili inabaki kidogo ndani ya yale uliyosoma ao uliyosikia. Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloita OMS, linafundisha kwamba dereva anayetumia telefone yuko katika hatari ya ajali karibu mara 4 zaidi kuliko asiyeitumia. Linafundisha pia kwamba kusema kwa telefone bila kuishika kwa mkono si salama sana kuliko kuishika. Kwa nini? Kwa sababu kishikio kinafungua mkono, lakini akili inabaki imefungwa katika mazungumzo.

Sisi tunaofunga vidonda tunaijua mifupa inayolipa. Mtu anayeanguka na pikipiki anatanguliza mkono, na kifundo cha mkono kinavunjika. Ao anaangukia bega, na mtulinga unavunjika, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Mtulinga wa mtu mzima unaweza kuomba wiki 6 mpaka 12 kabla ya kupona vizuri. Fikiri juu ya wiki hizo zote bila kuinua sepeto, bila kubeba mtoto, na watu wa nyumbani wakihesabu siku. Na hapo tunasema juu ya yule aliyeanguka vizuri.

KAMA HUNA KISHIKIO, TELEFONE IKAE WAPI?

Kwa watumishi wengi mahali pazuri ni mwilini, si juu ya pikipiki. Lakini si kila mahali pa mwili panafaa.

Usiiingize ndani ya kofia ya kinga, kati ya shavu na sikio, kama wanavyofanya wengi ili waseme wakiwa wanaendesha. Kofia inakaa upande, ukanda wa kidevu unaachwa wazi, na kitu kigumu kinabaki karibu na taya. OMS inasema kwamba kofia iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6, na hatari ya jeraha la ubongo mpaka asilimia 74. Kofia iliyopanuliwa na telefone haikuvaliwa vizuri.

Usiiweke katika mfuko wa shati. Ukiinama itaruka, na ukianguka itapiga mbavu. Usiiweke katika mfuko wa nyuma wala juu ya mfupa wa kiuno. Usiibane katikati ya mapaja juu ya tanki.

Iweke katika mfuko wa suruali ulio upande wa nje wa paja, wenye zipu ao kifungo. Pale kuna nyama nyingi, na mfupa hauko karibu na ngozi.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka mwilini. Pikipiki ikianguka, telefone iliyo juu ya usukani inaweza kuruka mbali ndani ya majani. Wewe unalala upande mmoja wa njia, na namba ya nyumbani kwako inalala upande mwingine. Telefone ya mfukoni inabaki na mwenyewe, na mpita njia anaweza kuitumia kwa kukutafutia msaada.

Katika mwaka wa 2005, Bob Brotchie, mtu wa huduma ya gari la wagonjwa huko Uingereza, alishauri watu waandike katika telefone namba ya mtu wa kuitwa wakati wa hatari. Ni shauri zuri kwa sisi pia. Andika jina la mtu huyo na namba yake mahali panapoonekana bila kufungua telefone. Kisha uandike namba ileile katika karatasi, uitie ndani ya plastiki pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu telefone inaweza kuvunjika ao kukosa umeme.

AINA ZA VISHIKIO

Tuseme sasa kwamba kazi yako inakulazimisha kuwa na kishikio. Utaona aina hizi:

1. Kishikio cha makucha. Kina mikono 4 inayobana kona za telefone kwa nguvu ya skrubu ao springi. Kwa njia zetu hiki ndicho kinachofaa zaidi, ikiwa makucha yana mpira ndani na ikiwa kuna pia mkanda wa mpira unaopita juu ya kona zote 4. Makucha yakilegea, mkanda unashika.

2. Kishikio cha mikanda ya mpira mtupu. Bei yake ni ndogo na hakina chuma cha kukuumiza. Lakini jua linakausha mpira. Uvute kila wiki na uutazame: ukiona nyufa ndogo, kazi yake imekwisha.

3. Mfuko wenye dirisha la plastiki. Unasaidia kwa mvua na vumbi. Ubaya wake ni joto: telefone ndani ya mfuko uliofungwa, juani, inapata joto sana. Tena plastiki inang'aa machoni, na dereva anainama ili aone vizuri. Dereva anayeinama haoni mbele.

4. Kishikio cha sumaku peke yake. Labda kinafaa ndani ya gari juu ya lami. Kwa njia ya udongo yenye mashimo, kiache dukani.

5. Kishikio cha kujitengenezea, cha chuma kilichokunjwa ao vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Mpira huo ni msaidizi mzuri wa kuongeza nguvu. Lakini chuma chenye ncha kali katikati ya usukani, mbele ya kifua na uso wako, ni kisu kinachongoja siku ya ajali. Usikikubali.

JARIBU KABLA YA KUTOA FRANGA

Usione haya mbele ya muuzaji. Mwambie kwa adabu: "Baba, niruhusu nijaribu."

Weka telefone yako mwenyewe ndani ya kishikio, pamoja na kifuniko chake. Mwenzako aweke mikono chini ili kuidaka. Geuza kishikio juu chini na ukitikise kwa nguvu. Telefone ikitembea hata kidogo, rudisha. Tazama kama makucha hayabonyezi vifungo vya upande, maana vingine vinazima telefone ao vinaita watu bila wewe kutaka.

Tazama koo la kishikio, pale kinaposhika bomba la usukani. Pikipiki nyingi ndogo zina bomba la unene wa milimita 22, na nyingine zina bomba nene la zaidi ya milimita 28. Koo likiwa kubwa kuliko bomba, kishikio kitazunguka kila ukipita shimo. Kipande cha mpira wa tairi kinaweza kujaza nafasi ndogo, lakini hakiwezi kuponya kishikio kisicho cha kipimo.

Tazama mwisho wa kila skrubu na kila pembe. Pitisha kidole polepole. Kinachokwaruza kidole leo kitachana ngozi siku ya kuanguka.

KUFUNGA KISHIKIO

Mkono wa kuume una kazi ya gesi na breki ya mbele. Mkono huo usiuache usukani kwa sababu ya telefone hata siku moja. Kwa hiyo funga kishikio katikati, ao kidogo upande wa kushoto, na kiwe juu kadiri inavyowezekana bila kufunika saa ya mwendo, taa ndogo za alama, wala ufunguo.

Kisha, pikipiki ikiwa imesimama, fanya mambo haya kwa utaratibu:

Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kuume. Telefone isiguse tanki, na hakuna waya wa kuvutwa. Vuta breki na klachi mpaka mwisho. Fungua na kufunga gesi: lazima irudi peke yake haraka. Washa taa, alama za kugeuka na honi. Kaa kwenye kiti kama unavyokaa siku zote, kisha uiname mbele: kifua na kidevu visikutane na chuma. Baada ya kilometa ya kwanza, simama na ukaze skrubu tena. Baada ya hapo, zikaze kila juma, siku ileile unayotazama mnyororo na hewa ya tairi.

MTIKISIKO, UMEME, MVUA NA JUA

Injini inatikisa usukani, na njia yetu inaongeza. Katika mwaka wa 2021 kampani Apple ya Marekani, watengenezaji wa iPhone, walionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya telefone. Walishauri watu wasifunge telefone hizo juu ya pikipiki za nguvu, na kwa pikipiki ndogo watumie kishikio chenye kupunguza mtikisiko. Basi tafuta kishikio chenye mpira laini kati ya bomba na telefone, na usiiache telefone pale kwa safari ambayo haihitaji ramani.

Kuhusu umeme: betri ya pikipiki nyingi ni ya volti 12, na telefone inapokea kwa kawaida volti 5. Usiunganishe waya moja kwa moja. Fundi wa umeme atumie kipunguza umeme kinachofaa, na aweke fuzi karibu na betri ili umeme ukatike waya zikigusana. Waya ifungwe vizuri mbali na injini na mbali na waya wa gesi.

Mvua ikianza, toa telefone na uitie mfukoni ndani ya plastiki. Jua likiwa kali, fanya vilevile. Telefone yenye betri iliyovimba usiipe umeme, usiitoboe, wala usiivae mwilini, maana inaweza kuwaka.

Tena kumbuka: tochi ya telefone si taa ya mbele. Taa ya pikipiki ikifa, safari ya usiku imekufa nayo mpaka itengenezwe.

Na ukisimama sokoni ao kwenye kizuizi, ondoa telefone kabla ya kushuka. Usimwonyeshe kila mtu mali yako.

SHERIA ZA NJIANI

Tayarisha telefone kabla ya kuwasha injini. Kama unafuata ramani, uifungue, uchague njia, na uiache iseme kwa sauti. Zima milio ya habari nyingine zote. Baada ya hapo usiiguse.

Telefone ikilia, iache ilie. Kama unadhani ni neno la lazima, punguza mwendo, onyesha alama, toka kabisa njiani upande wa kuume, mahali palipo sawa, mbali na kona na mbali na kilele cha mlima. Weka mguu chini, zima injini, na ndipo umpigie aliyekutafuta. Kama hakuna mahali pazuri pa kusimama, endelea. Aliyekupigia atapiga tena, ao utampigia ukifika.

Na wewe unayebebwa nyuma, una haki ya kusema. Dereva akishika telefone, umguse begani na umwambie: "Ndugu, simama kwanza uongee, sina haraka." Maneno haya si matusi. Ukiwa na mtoto mgongoni, ni wajibu wako.

NENO KWA WANAOPIGA TELEFONE

Mpaka hapa tumesema na dereva. Lakini kila telefone inayolia njiani ina mtu upande wa pili, na mara nyingi mtu huyo ni sisi wenyewe.

Mama, unajua mume wako ametoka asubuhi kwenda Kasongo. Unampigia ili umkumbushe chumvi na dawa ya mtoto. Hajibu. Unapiga tena, na mara ya tatu anafikiri kuna msiba nyumbani, naye anatafuta telefone kwa mkono mmoja katikati ya mashimo. Afadhali mpatane kabla ya safari: anapiga anapoondoka, anapiga anapopumzika, anapiga anapofika. Yale ya kununua yaandikwe katika karatasi. Akichelewa, mpigie yule anayemngoja kule, si yule aliye juu ya pikipiki.

Baba, neno hili ni kwako pia, mke wako ao kijana wako akisafiri.

Na ninyi mashefu wa kazi, tunasema kwa heshima. Mtumishi anaogopa kukataa telefone ya shefu wake kuliko anavyoogopa shimo. Kama umemtuma mtu njiani, ama unajua yuko safarini kuja kazini, ngoja afike. Anza kila mara kwa kuuliza: "Uko juu ya pikipiki?" Akijibu ndiyo, kata, naye asilaumiwe kwa sababu hakuitika. Taarifa iliyochelewa robo saa inaweza kurekebishwa asubuhi. Mfupa uliovunjika unangoja wiki nyingi, na kuna majeraha ya kichwa ambayo hakuna hopitali inayoweza kuyarudisha nyuma.

KWA KUMALIZA

Kata ukurasa huu na uubandike mahali unapoweka pikipiki. Wasomee watoto wakubwa, kwa maana kesho ndio wataomba ufunguo.

Kama njia unaijua, telefone ikae mfukoni, kwenye paja, zipu imefungwa. Kama kazi inaomba ramani, chagua kishikio cha makucha chenye mpira na mkanda, kisicho na ncha kali, kilichofungwa vizuri na kujaribiwa. Katika hali zote mbili sheria ni moja: magurudumu yakizunguka, telefone haiguswi.

Safari njema, na mfike wazima.